Wimbo ni wa nani? Mtunzi na deni lake kwa wenye kumsikiliza



Katika makorale yetu ya Lubumbashi, ya Likasi na ya Kolwezi, kuna ulizo moja ambalo vijana wanapenda kuuliza walimu wao wa nyimbo: «Mwalimu, wimbo unautosha wapi?» Hawaulizi juu ya noti wala juu ya namna ya kugawanya sauti. Wanajua kama mambo hayo yanafundishwa. Wanauliza namna gani mtu mmoja anakaa peke yake, anatafuta maneno, anatafuta sauti, na siku wimbo unaimbwa, watu mia tano ambao hajaongea nao hata siku moja wanajisikia kama ni wao wamesemwa. Na wimbo mwingine, uliotungwa na akili nyingi na kazi nyingi, unapita kama upepo juu ya malata, hakuna mtu anayegeuza kichwa.

Ulizo hilo ninalibeba tangu miaka mingi. Mwanzo niliamini ni ulizo la ufundi. Leo ninaamini ni ulizo la haki. Maana ukifahamu mahali wimbo wako unatoka, unafahamu pia ni nani anayekudai. Njo jambo ninalotaka kueleza katika kurasa hizi.

1. Majibu mawili yanayojulikana

Jibu la kwanza ni la wazee wetu: wimbo unapewa. Mtu analala, bankambo wanamletea sauti, asubuhi anaamka nayo mu kinywa. Wakristu wanasema karibu vile vile kwa njia ingine: ni zawadi ya Roho Mtakatifu. Jibu hili lina uzuri wake, maana linakataza majivuno. Mwenye kupewa hawezi kujivuna kama mwenye kujifanyia. Lakini lina hatari yake pia. Mwenye kusema «nilipewa mu ndoto» hana tena lazima ya kueleza ni nani aliyemsikia juzi, ku soko ao ku kilio, akiimba sauti ile ile. Ndoto inaweza kuwa mlango mzuri wa kufichia kitu cha jirani.

Jibu la pili ni la masomo: wimbo unajengwa. Unajifunza solfeji, unajua wapi sauti inapanda na wapi inatelemka, unasoma mashairi, unakaa ku meza, unatumika. Jibu hili nalo lina ukweli. Bila kazi, hata zawadi inaoza. Katika Katanga tulikuwa na mtu kama Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi aliyezaliwa 1912 na kufa 1961, mwenye elimu kubwa ya muziki, na hakuna anayeweza kusema kama elimu ile ilimzuia kugusa watu. Lakini sisi wote tumekwisha kusikia nyimbo zilizojengwa vizuri sana ambazo hazina mtu ndani. Ni kama nyumba yenye rangi mpya, madirisha yote yako, lakini ku jiko hakuna moto.

Majibu yote mawili yana kosa moja: yanatazama mtunzi peke yake. La kwanza linamtazama na bankambo wake, la pili linamtazama na kitabu chake. Hakuna linalotazama wale wanaokaa mbele yake. Lakini wazee wetu wanasema kidole kimoja hakiui chawa. Kama wimbo unagusa mtu, ni kwa sababu kuna kitu kilikuwa tayari ndani ya yule mtu. Mtunzi hakukiweka. Alikikuta.

2. Mifano mitatu ya kwetu

Katika mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashini ya kukamata sauti, alifika Jadotville, njo Likasi ya leo. Pale alikutana na kijana mmoja mzaliwa wa Bunkeya aliyekuwa akipiga gita: Jean-Bosco Mwenda, yule tunayekumbuka kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Wimbo «Masanga» aliokamata kwake ulipeleka jina la Mwenda mbali sana. Wataalamu wa Ulaya waliandika muziki wake noti kwa noti, kusudi wafahamu namna gita moja inaweza kusikilika kama ni watu wawili wanapiga.

Lakini sisi watu wa Katanga hatukumpenda Mwenda kwa sababu ya vidole tu. Tufikiri kidogo juu ya watu waliomsikiliza. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa katika 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka kila upande: Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini, na vijiji vya Katanga yenyewe. Katika makambi, Mluba na Mbemba na Myeke walikuwa mlango kwa mlango. Hawakuwa na hadithi moja, hawakuwa na ngoma moja. Kilichowaunganisha ni kazi, Kiswahili cha kambi, na maisha mapya ya muji: mshahara, pombe, mapenzi, kuonea kijiji hamu. Mwenda aliimba mu Kiswahili kile. Edouard Masengo na Losta Abelo nao vile vile. Na JECOKE, vijana wachekeshaji wa komini Kenya, walifanya maisha ya muji kuwa mchezo wa kuchekesha wenye muji wenyewe. Hawakutafuta lugha ya juu. Waliokota ile iliyokuwa chini, mu vumbi la avenyu, wakaipangusa, wakaionyesha kwa wenyewe. Watu wakasema: «Kumbe ni sisi!»

Mfano wa pili ni wa Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikusanya pale watoto wa shule karibu 45 na walimu karibu 15, kundi lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Kwao njo kulitoka Missa Luba, iliyoimbwa na kukamatwa mu disko katika mwaka 1958. Kila mtu anaijua. Lakini si kila mtu anajua namna ilivyotungwa. Hakuna aliyekaa ku meza na kuandika sauti zote. Waliimba kwa pamoja, wakatafuta, wakajaribu, juu ya namna za kuimba walizozijua kutoka kwao. Kyrie ilifuata namna ya kasala. Sanctus ilifuata namna ya wimbo wa kuagana. Hosanna ilipata mapigo ya ngoma ya Kasai. Pale Credo inapofika ku kifo cha Yesu Msalabani, wakaweka namna ya kutangaza kifo kama inavyofanywa ku kijiji. Maneno ni ya Kilatini, lugha ambayo mama wa Kamina hakuisikia. Hata vile alifahamu kama kuna mtu amekufa, maana sauti ilimwambia.

Mfano wa tatu hauko wimbo, ni mchezo. Kundi la Mufwankolo, ambalo Lubumbashi nzima ilicheka nalo ku radio na ku televizio, halikuwa na desturi ya kuandika mchezo na kukariri. Katika 1986, mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, alikuwa nao siku walipotengeneza mchezo kutoka neno moja la wazee: mamlaka yanaliwa mazima. Kitabu alichoandika juu yake kilitoka 1990. Ndani yake tunaona namna walivyoanza: si kwa kutafuta maneno mazuri, lakini kwa kubishana. Neno hili maana yake ni nini? Kwetu linasemwa namna gani? Ni nani anayekula, na wengine wanabakia na nini? Walibishana, wakagawana, wakajaribu, wakarudia.

Mifano hii mitatu inafundisha jambo moja. Mtunzi anayegusa watu ni kwanza msikilizaji. Kabla watu hawajamsikiliza, yeye amekwisha kuwasikiliza.

Mtu anaweza kufikiri kama hapa essai yetu imemalizika: tusikilize, tutapata. Lakini njo pale magumu yanaanza. Maana kusikiliza ni kukamata kitu. Na kitu kinachokamatwa kina mwenyewe.

3. Nyimbo mbili nilizotunga

Nitaleta hapa jambo langu mwenyewe, si kwa kujionyesha, lakini kwa sababu bila lile sitaweza kueleza ninachotaka kusema.

Katika 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa «départs volontaires». Kila avenyu ilikuwa na baba aliyebakia ku baraza toka asubuhi. Nilikuwa ninaongoza korale, nikasema: sharti tuimbe juu ya jambo hili. Nikakaa ku meza juma mbili. Nikatafuta maneno makubwa: «jasho», «taifa», «tumaini», «enyi mashujaa wa shaba». Sauti nne, yote sawasawa. Tuliimba. Watu walipiga makofi ya heshima. Ku mlango wa kanisa, mzee mmoja aliyetumika miaka 30 chini ya udongo akaniambia na upole: «Mwalimu, wimbo ni muzuri. Ni juu ya nani?»

Sikujibu. Nilikuwa nimeimba juu yake.

Muda kidogo kiisha pale, ku avenyu yetu kulikuwa kilio. Mama mmoja alifiwa na mtoto wake, kijana wa miaka saba. Usiku tulikaa, wanaume ku moto, wamama ndani juu ya mikeka. Katikati ya usiku, wakati watu walianza kusinzia, mama yule akaanza kuimba. Hakuimba wimbo tunaoujua. Alikuwa anahesabu. Ni nani atachukua bidoni ya manjano kwenda ku robine. Ni nani atauliza kama bukari imeisha kuiva. Ni nani atakimbiza kuku ya jirani. Na kila mara, ku mwisho, aliita mtoto kwa jina lake. Sauti ilikuwa inatelemka ngazi tatu, kiisha inasimama kabla ya kufika chini, kama mtu anayengojea kuitikiwa.

Nilirudi kwangu alfajiri. Mbele ya kulala, niliandika sauti ile mu kayé.

Katika miezi iliyofuata niliifanya kuwa wimbo wa korale. Nikaacha bidoni, nikaacha bukari, nikaacha kuku. Jina la mtoto nikalitosha, nikaweka «mtoto wangu». Niliamini ninafanya vizuri: kila mama mwenye kufiwa atajisikia ndani. Na ni kweli, walijisikia. Tulipoimba ku shindano la makorale, nilisikia kitu ambacho sijasikia mbele: watu hawakupiga makofi mara moja. Walinyamaza kwanza. Wamama walikuwa wanapangusa macho na kitenge. Tukashinda.

Juma mbili kiisha, mama yule akaja kwangu. Nilimpa kiti. Hakuwa na hasira. Akaniambia hivi, na ninaandika maneno yake kama alivyoyasema:

«Mwalimu, balinielezea kama mulishinda na kilio yangu.»

Nikamwambia: «Mama, haiko kilio yako peke yako tena. Ni wimbo ya bamama bote benye kufiwa. Njo maana sikutia jina.»

Akajibu: «Njo paka pale panaumia. Jina ulitosha. Sasa bale bantu balilia, balikuwa banalilia nani? Mutoto wangu alikuwa na jina.»

Nilitafuta maneno ya bahasha, ya zawadi ya shindano. Akakataa na kichwa: «Haiko feza minatafuta. Ungeniuliza tu. Ningekuambia jina yake, na jina ya nkambo mwenye kumupa ile jina.»

Kiisha akaamka, akaaga, akaenda kwake. Ni nyumba tatu tu kati yetu.

4. Juu ya jina

Tangu siku ile nilianza kufikiri juu ya majina mu nyimbo zetu. Nikaona kama desturi zetu zinajua jambo hili zaidi yangu.

Tuanze na kasala ya Waluba, ile Clémentine Faïk-Nzuji aliyoiandikia kitabu kilichotoka hapa Lubumbashi katika 1974. Kasala ni majina. Mwimbaji anaita mtu, anaita baba yake, anaita nkambo wake, anaita majina ya sifa ya kabila. Inaimbwa ku kifo, inaimbwa ku furaha. Mwenye kuitwa anasimama, wakati mwingine machozi yanatoka, na mara nyingi anatoa kitu kumpa mwimbaji. Hakuna wimbo unaogusa mtu zaidi ya ule unaomwita yeye na waliomzaa.

Katika 1960, wakati wa mkutano wa Table Ronde kule Bruxelles, Joseph Kabasele na African Jazz walitoa «Indépendance Cha Cha». Ndani yake nako kuna majina: ya viongozi, ya vyama. Kwa wenye kusikiliza radio Kinshasa ao Elisabethville, kusikia majina yale pamoja katika wimbo mmoja wa kucheza kulikuwa sawa na kusikia kama inchi yenyewe imeitwa.

Sasa tufike ku leo. Tunajua wote kinachoitwa libanga. Mwimbaji anaimba wimbo wa mapenzi, na katikati anatupa jina la mfanyabiashara, la mwanasiasa, la mtu anayeishi Ulaya, kwa sababu amelipa. Kuna nyimbo zenye majina mengi kuliko maneno. Wazee wanalaumu: «Muziki umeuzwa.» Vijana wanajibu: «Na kasala je? Mwimbaji wa kasala hapewi kitu?»

Jibu la vijana ni la nguvu, na si haki kulipitia mbali. Ni kweli, mwimbaji wa kasala anapewa. Tena, mwanamuziki wetu ambaye disko yake inaigwa na kuuzwa ku kila kona bila yeye kuona franka moja, atakula nini? Libanga kwa wengi njo mshahara. Mimi siwezi kumhukumu mtu anayelisha watoto.

Hata vile, kuna tofauti tatu. Kwanza, mwimbaji wa kasala sharti ajue. Hawezi kuita mtu bila kujua ni nani aliyemzaa na ni nani aliyemzika. Pili, zawadi inakuja kiisha wimbo, kutoka moyo uliotikisika. Mu libanga, feza inakuja mbele na wimbo unafuata. Tatu, kasala inasikilizwa na watu wanaoweza kukosoa. Mwimbaji akidanganya, wazee wa lupango watacheka. Mu libanga, hakuna mtu wa kukosoa, maana hakuna jambo lililosemwa: kuna jina tu, limewekwa pale kama kibao ku barabara. Kwa hiyo ubaya wa libanga hauko feza. Ni jina bila mtu.

Na mimi nilifanya nini? Nilifanya kinyume chake: mtu bila jina. Nilikamata machozi ya mama yule, mikono yake, bidoni yake, nikatosha yule ambaye machozi yalikuwa yake. Mwenye libanga anauza jina. Mimi nilishinda zawadi kwa kulifuta.

Lakini mtu anaweza kusema: je, wimbo usiotaja jina hauna nguvu? Una nguvu, tena nyingi. Katika mwezi wa kumi na moja 2020, Tshala Muana, mama wa mutuashi, alitoa wimbo «Ingratitude». Mwenye kusikiliza hakusikia jina la mtu. Lakini watu wa Kinshasa waliweka jina wenyewe, kila mmoja kadiri ya mawazo yake, na mambo yakawa makubwa mpaka mama Tshala alikamatwa, akaachwa siku iliyofuata. Alikufa katika mwezi wa kumi na mbili 2022, na wengi bado wanabishana juu ya wimbo ule. Kwa hiyo nafasi isiyo na jina inaweza kusema kuliko majina mia. Mwalimu anayesema «kila mtu ataweka wake» hajadanganya.

Sasa tufanye nini? Jina linafunga wimbo ku mtu mmoja. Kukosa jina kunafungulia wote mlango, lakini kunaacha mwenyewe inje. Ulizo hili nilibaki nalo mwaka karibu mzima.

5. Deni ni la namna gani?

Kabla ya kusema tulivyofanya, nijibu kwanza neno moja ambalo rafiki zangu walimu walinirushia. Walisema: «Kama sharti kuomba ruhusa ku kila mtu, hakuna atakayetunga tena. Nyimbo za kilio hazina mwenyewe. Hata mama yule sauti aliipata kwa mama yake.»

Ni kweli nusu. Namna ya kulia, zile ngazi tatu zinazotelemka, ni ya wote. Kuna wamama wengi wanaolia vile, na hakuna anayeweza kuziwekea kadenasi. Lakini bidoni ya manjano haikuwa ya wote. Jina halikuwa la wote. Usiku ule haukuwa wa wote. Desturi ni kama kisima cha kijiji: kila mtu anateka, hakuna anayelipa. Lakini maji yaliyo mu ndoo juu ya kichwa cha mama ni ya mama. Ukitaka kunywa, unasalimia, unaomba. Na mara nyingi utapewa.

Kwa hiyo mtunzi ana madeni ya namna mbili. Kwa desturi, anadaiwa kuijua na kutoiharibu, na kuiachia wengine kama alivyoikuta. Kwa mtu, anadaiwa mambo matatu. La kwanza, kuuliza. La pili, kutodanganya: usimfanye mwenye huzuni kuwa pambo la ushindi wako. La tatu, kurudisha: wimbo sharti urudi kwa wenyewe, uwatumikie, wasiwe watu wa kuusikia tu kutoka mbali mu mikro ya wengine.

Deni hili la tatu ni lile tunalosahau zaidi. Missa Luba ilienda mbali sana. Katika 1968, Sanctus yake iliwekwa mu sinema ya Uingereza, watu wa inchi nyingi wakaipenda. Mu vitabu vyao wanataja jina la Padri Haazen, na alistahili. Lakini majina ya wale watoto na walimu wa Kamina, ambao sauti zile zilitoka mu vifua vyao, ni watu wangapi wanaoweza kuyataja? Na rumba yetu, tangu mwezi wa kumi na mbili 2021, UNESCO imeiandika kati ya mali ya dunia nzima, kwa ajili ya Kongo zote mbili. Tulifurahi, ni haki yetu kufurahi. Lakini mali ya dunia nzima inaanza kila mara mu lupango la mtu fulani, usiku fulani.

Mzee aliyeniuliza «ni juu ya nani?» na mama aliyeniuliza «balikuwa banalilia nani?» waliniuliza ulizo moja. Mu wimbo wa kwanza sikusikiliza mtu yeyote, njo maana haukugusa mtu. Mu wimbo wa pili nilisikiliza, ukagusa, lakini sikulipa. Yule asiyesikiliza anatunga bure. Yule anayesikiliza bila kulipa anaiba. Njia iliyobakia ni moja: kusikiliza na kukubali kuwa mwenye deni.

6. Tulivyofanya

Nilienda kwa mama yule pamoja na mzee mmoja wa avenyu, kama desturi inavyotaka, maana mtu haendi kuomba musamaha peke yake. Tulipeleka unga na mafuta. Mzee alisema, mimi nikanyamaza. Kiisha nikamwambia kama wimbo ni wake, aseme tuuache ao tuuimbe.

Alifikiri. Akasema hataki uimbwe tena mahali penye kushindana. Ku kilio, ndiyo. Lakini jina sharti likuwe.

Nikauliza: «Ku kilio ya mutu mwingine, tutaita jina ya mutoto wako?»

Akacheka kidogo, mara ya kwanza niliyomwona akicheka tangu kifo kile: «Hapana, mwalimu. Ku kilio ya mutu mwingine, mutauliza jina ya ule mwingine.»

Ni kasala yenyewe. Mtu ambaye hakusoma kitabu hata kimoja juu ya kasala alinipa jibu ambalo nilitafuta mwaka karibu mzima. Wimbo hauna jina moja, wala haukosi jina. Una nafasi, na kila mara nafasi ile inajazwa na wenyewe.

Toka wakati ule tunafanya hivi. Tunapofika ku kilio, kabla ya kuimba, mmoja wetu anaingia kwa wamama na kuuliza: marehemu anaitwa nani, na ni nani aliyempa jina lile? Anauliza pia kitu kimoja alichozoea kufanya kila siku. Halafu tunaimba, na mahali pale mwimbishaji anaweka yale aliyoambiwa. Kwa sikio la mwalimu, wimbo umeharibika kidogo. Majina mengine ni marefu, yanavunja mapigo. Tenori wanaingia mbele ya wakati. Siku moja tulisimama kabisa kwa sababu familia ilianza kubishana juu ya jina la nkambo. Ku shindano tungekosa pointi nyingi. Lakini pale wenye kilio wenyewe wanaitikia, na mara nyingi ni wao wanaomaliza wimbo, sisi tunawafuata.

Kwa vijana wanaotafuta kutunga, nitasema basi hivi. Jifunzeni solfeji, ni chombo cha lazima. Ombeni Mungu, yeye njo mwenye zawadi. Lakini wimbo msiutafute mu kichwa chenu peke yake. Nendeni ku soko asubuhi mapema, kaeni ku baraza na wazee, msikimbie vilio. Sikilizeni namna watu wanavyosema, si yale mnayofikiri sharti waseme. Na mkisikia kitu kinachowatikisa, mbele ya kufungua kayé, muulize jina.

Siku ile tulipoimba mara ya kwanza kwa namna mpya, ilikuwa ku lupango la mama yule, siku ya kukumbuka kifo cha mtoto wake. Mahali pa jina mwimbishaji alinyamaza, kama tulivyopatana, na mama akasimama akaita mwenyewe, jina lote, na la nkambo. Kiisha nikamuuliza kama sasa deni limeisha. Akaniambia: «Imepunguka.»